Pima Kabla Fundi Hajafunga Injini

Ndugu msomaji, yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua barabara ile inayojikunja ubavuni mwa mlima. Ni yapata kilomita 33 tu, lakini katika masafa hayo mafupi gari hupanda karibu mita elfu moja, likitoka katika joto la mashamba ya mkonge na kuingia katika baridi ya milimani. Gari zima hupanda likinung'unika. Gari bovu husimama, na dereva akabaki kutafuta mawe ya kuwekea magurudumu.

Katika mojawapo ya kona za kabla ya Soni ndipo pikapu ya shemeji yangu ilipozimika mwaka juzi, ikiwa imebeba mifuko ya mbolea ya majirani. Ilianza kwa kugonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani ya injini. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Kisha kitu kikakwama, na ukimya ukaingia. Huko Lukozi kabichi zilikuwa zimekwisha kukatwa na kupangwa kando ya shamba, zikisubiri gari hilohilo. Kabichi haisubiri. Siku ya nne ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na zilizobaki wakapewa ng'ombe.

Lililotuuma zaidi ni kwamba injini ile ilikuwa imefanyiwa ovahoo miezi minne tu kabla ya hapo. Fedha zilizoifufua zilitokana na mavuno mawili ya viazi pamoja na akiba ya dada yangu, ambaye ni fundi cherehani. Akiba hiyo ilikuwa na kazi yake: sanduku, sare, godoro na nauli ya mpwa wangu aliyekuwa akijiandaa kwenda kidato cha tano. Binti huyo alifika shuleni akiwa amechelewa majuma mawili, na sanduku la kuazima.

Sasa shemeji alitaka kuuza gari kama lilivyo. Mara akataka kukopa anunue injini iliyokwisha kutumika ughaibuni. Dada yangu hakupandisha sauti. Alisema, "Kaka, nguo ikimbana mteja, mimi sikati kitambaa kingine mpaka nijue nilikosea wapi. Nionyesheni kwanza injini hii ilikosewa wapi, ndipo tuzungumze habari za fedha."

Haya ninayokuandikia leo yanatokana na swali hilo. Nayaandika kwa sababu najua ziko familia nyingi mijini na mashambani zinazoishi kwa gari moja, na siku injini inapofunguliwa, baba hukaa kwenye benchi la gereji akinywa chai huku akiamini kwamba yote yanayofanyika mbele yake hayamhusu.

UTANDO WA OILI

Ndani ya injini mna mhimili wa chuma uliokunjwa kunjwa, ambao mafundi wetu huuita krenki. Pistoni zinaposukumwa chini na moto wa mafuta, konrodi huizungusha krenki hiyo, na mzunguko huo ndio unaofika hatimaye kwenye magurudumu. Mahali ambapo konrodi inaishika krenki, na mahali ambapo krenki inakaa katika bloku, pamesuguliwa laini kama kioo. Tupaite shingo. Kila shingo huzungukwa na beringi, nazo si beringi za gololi kama za gurudumu la baiskeli, bali ni vipande viwili vya nusu duara, vyembamba, vyenye mgongo wa chuma cha pua na uso wa madini laini.

Katika injini iliyo nzima na inayozunguka, shingo haigusani na beringi. Kati yake mna oili tu, na oili hiyo ndiyo inayobeba mzigo wote. Jambo hili halikujulikana tangu zamani. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza aliyeitwa Beauchamp Tower alikuwa akichunguza msuguano katika beringi za ekseli za reli, za namna iliyokuwa katika mabehewa ya zama hizo. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke chombo cha kutilia oili. Mashine ilipozunguka, oili haikuingia tunduni, bali ilipanda na kumwagika nje. Akaziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa kikatoka. Akaziba kwa kigingi cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga kipima shinikizo, mshale ulipita mwisho wa kipimo chenyewe, yaani zaidi ya ratili 200 kwa kila inchi ya mraba. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu sababu yake: shingo inayozunguka huivuta oili na kuisokomeza katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba, mpaka oili yenyewe inaunyanyua mzigo.

Basi, ili oili ifanye kazi hiyo, sharti ipewe mwanya, na uwe wa kiasi chake. Desturi ya zamani ya mafundi ni kukadiria sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo. Shingo za konrodi za pikapu yetu zilikuwa za milimita 55, hivyo mwanya wake unapaswa kuwa karibu na sehemu tano au sita za mia ya milimita moja. Unywele wa kichwani mwako una unene wa kati ya sehemu tano na kumi za mia ya milimita. Injini nzima ya pikapu, na mbolea ya majirani, na sanduku la mtoto, vinategemea nafasi inayotoshana na unywele mwembamba.

Mwanya ukiwa mdogo mno, oili haipati njia ya kuingia, beringi inapata joto, na madini yake laini yanayeyuka na kushika shingo. Ukiwa mkubwa mno, oili hutoroka pembeni kabla ya kujenga utando. Na kutoroka huko hakuongezeki pole pole. Mwanya ukizidi mara mbili, oili inayovuja huelekea kuzidi mara nane. Pampu inashindwa kujaza pengo, shinikizo linashuka, taa inaanza kupepesa gari linapotulia likiwa la moto, na mwisho wake ndio ule ukelele wa ko, ko, ko. Mlima huongeza balaa, kwa sababu dereva anapong'ang'ania gia kubwa huku injini ikizunguka pole pole chini ya mzigo mzito, utando wa oili huwa mwembamba kuliko wakati mwingine wowote.

Shemeji alipoona taa ikipepesa, alifanya kama wengi wetu tunavyofanya: alitia oili nzito zaidi. Taa ikatulia kwa majuma kadhaa. Hiyo haikuwa tiba. Ilikuwa sawa na kumfunika mgonjwa blanketi ili usisikie akikohoa.

JICHO HALIONI

Tuliipeleka injini kwa mzee mmoja wa Lushoto aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya kiwanda cha mbao. Gereji yake ni banda la mabati lenye meza moja safi. Meza hiyo ndiyo iliyonipa imani.

Shemeji alimwambia, "Shikamoo mzee. Fundi wa kwanza aliitazama krenki akasema ni safi, tununue beringi za kawaida tu, nasi tukanunua mpya kabisa."

"Marahaba," mzee akajibu. "Macho ya fundi huyo hayana kosa, bwana. Jicho linaona mkwaruzo. Sehemu ya mia ya milimita hakuna jicho linaloiona."

Akatoa maikromita kutoka katika kisanduku chake cha mbao. Kwanza aliijaribu kwa kipande cha chuma cha milimita 50 kinachouzwa pamoja nayo, akaona kwamba inasoma sawasawa. Naomba ulishike jambo hilo, msomaji: kipimo chenyewe hupimwa kwanza. Sisi wa Usambara tunaupigia kelele mzigo wa lumbesa, tukidai kwa haki kwamba sheria ya vipimo imekataza gunia la mazao kupita kilo 100, lakini gereji tunamlipa mtu asiye na mizani yoyote.

Shingo ya tatu ilikuwa imekwisha kuharibika. Ilikwanguka na kugeuka rangi ya buluu kwa joto, na beringi yake ilikuwa imezunguka mahali pake. Hiyo haikuweza kutuambia lolote kuhusu miezi minne iliyopita. Mzee akazipima zile zilizosalimika, kila moja mara nne: karibu na ukingo mmoja na karibu na ukingo wa pili, kisha akaizungusha maikromita robo duara na kurudia. Shingo ya kwanza ilisoma milimita 54.93 upande mmoja na 54.98 upande wa pili. Ya nne ilikuwa 54.94 na 54.98. Maana yake ni kwamba hazikuwa duara tena. Zilikuwa na umbo la yai. Kitabu cha injini ile kiliruhusu tofauti ya 0.02 tu.

Akafunga beringi mpya ndani ya konrodi, akakaza nati kwa kipimo cha kitabu, akapima tundu: 55.04. Toa 54.93, unabaki na mwanya wa 0.11. Kitabu kilitaka kati ya 0.036 na 0.064, na kikasema usizidi 0.10 kwa vyovyote.

"Umbo hili la yai halipatikani kwa miezi minne," mzee akasema. "Krenki hii ilirudishwa ikiwa hivi hivi."

Dada yangu, aliyekuwa amekaa nyuma na daftari la mapato ya gari, aliandika namba hizo zote. Shemeji alitoka nje, akasimama kwa muda akitazama barabarani. Fundi wa kwanza alikuwa rafiki yake, wala hakumwibia. Beringi zilikuwa mpya kweli na za saizi iliyoandikwa kwenye boksi. Tatizo ni kwamba boksi halijui habari za shingo yako. Beringi mpya juu ya shingo iliyoliwa ni kama suruali mpya iliyokatwa kwa vipimo vya mtu mwingine.

KUCHONGA, NA YANAYOSAHAULIKA

Krenki iliyoliwa huweza kuchongwa upya kwenye mashine ya kusaga, kisha ikavikwa beringi nene zaidi. Mafundi husema saizi ya kumi, ishirini na thelathini, yaani sehemu za elfu za inchi. Kwa milimita ni takriban 0.25, 0.50 na 0.75. Kwa shingo yetu ya tatu, kumi isingetosha kuondoa makovu, ikabidi twende ishirini. Kabla ya kulipa nauli ya kuipeleka Tanga, mzee aliipaka krenki mafuta ya taa, akaiacha, akaipangusa kavu, kisha akaipaka chaki. Palipo na ufa, mafuta ya taa hutoka na kuchora mstari kwenye chaki. Hapakuwa na mstari. Ungekuwapo, tungeokoa gharama ya kuchonga chuma ambacho kingekatika mwaka huohuo.

Konrodi ya tatu ilikuwa imeungua, na tundu lake halikuwa duara. Tulitafuta iliyokwisha kutumika, tukaipima, tukainunua. Shingo kuu zilizoko kwenye bloku zilikuwa nzima, zikahitaji kung'arishwa tu, wala sitakuchosha nazo.

Mzee alimpa shemeji karatasi ya kupeleka kwa mchongaji, na maneno yaliyokuwamo yafaa yanakiliwe na kila mwenye gari. La kwanza, mchongaji apewe beringi zenyewe mkononi, asichonge kwa kukisia. La pili, ule mviringo mdogo ulioko pembeni mwa shingo, pale inapokutana na bega la krenki, ubakie. Ukikatwa kwa pembe kali, krenki hukatikia hapo. La tatu, midomo ya matundu ya oili ilainishwe, isije ikawa wembe wa kukwangua beringi.

Krenki ilirudi kwa basi ikiwa imefungwa gunia, nasi tukataka kuipima jioni ileile. Mzee alikataa. Chuma hutanuka kwa joto. Kipande cha milimita 55 kikitoka kwenye nyuzi 32 za pwani na kushuka hadi nyuzi 15 za usiku wa Lushoto, hupungua yapata sehemu moja ya mia ya milimita, ambayo ni sehemu ya tano ya mwanya wetu wote. Ukipima krenki ya moto dhidi ya konrodi ya baridi, unajidanganya. Ndiyo sababu mwaka 1931 Kamati ya Kimataifa ya Vipimo iliamua kwamba urefu wa vitu vya viwandani utajwe katika joto la nyuzi 20. Gereji zetu hazina chumba cha namna hiyo, lakini usiku mmoja juu ya meza hautozwi fedha. Vyote vilale pamoja, viamke na joto moja.

Asubuhi shingo tatu zilisoma 54.49, na tundu la konrodi likiwa na beringi mpya lilikuwa 54.54. Mwanya ni 0.05, nasi tukafurahi. Ya nne ikasoma 54.52. Tazama hatari iliyokuwapo: mwanya wa 0.02, yaani kubana mno, katika krenki iliyotoka kuchongwa siku mbili tu zilizopita na kulipiwa. Laiti tungeifunga kwa furaha, ingeshika kabla ya kufika Mombo. Mchongaji alipopelekewa namba hizo hakubisha. Aliipunguza na kuing'arisha bila malipo, ikarudi 54.49. Sidhani kama angekuwa mwepesi hivyo kama tungekwenda baada ya injini kufa, tukiwa na hasira na bila ya namba.

UZI WA DADA

Sasa unaweza kuniuliza, ndugu msomaji: na mimi nisiye na maikromita, wala mzee wa namna hiyo jirani? Upo uzi mwembamba wa plastiki laini uitwao Plastigage, unaouzwa ndani ya bahasha ya karatasi iliyochorwa kipimo. Ule wa kijani hupima mwanya wa kati ya milimita 0.025 na 0.076, na huo ndio unaofaa injini nyingi za magari madogo. Haupatikani kila duka la vipuri. Sisi tuliagiza Dar es Salaam. Lakini bei yake hailingani kabisa na ya seti ya beringi, wala matumizi yake hayahitaji shule kubwa. Ingawa maikromita ilikuwa imekwisha kusema, mzee alitaka tuhakikishe kwa njia ya pili, na kazi hiyo akampa dada yangu.

Alipangusa shingo na beringi mpaka zikawa kavu kabisa, kwa sababu oili huyeyusha uzi huo. Akakata kipande chenye urefu unaolingana na upana wa beringi, akakilaza juu ya shingo kufuata urefu wa krenki, mbali na tundu la oili. Akafunga kofia ya konrodi, ileile iliyo na namba ya konrodi yake, maana kofia hazibadilishani kama vifuniko vya sufuria. Shemeji akakaza nati kwa spana ya toki kwa hatua, kidogo huku na kidogo kule, mpaka kiasi cha kitabu. Kuanzia hapo krenki haikuruhusiwa kuzunguka hata kidogo, kwani ikizunguka uzi hupakaa na kipimo kinaharibika. Wakafungua tena. Uzi ulikuwa umepondeka kama tambi iliyokanyagwa.

Hapo ndipo penye kipimo: uzi uliopondeka kwa upana mkubwa maana yake mwanya ni mdogo, na uliobaki mwembamba maana yake mwanya ni mkubwa. Dada alisogeza karatasi ya bahasha kando yake, akainama kama anavyoinama kutunga uzi sindanoni, akasema, "Sufuri nukta sufuri tano." Akasogea akatazama ncha ya pili ya uzi, kwa kuwa ncha zikitofautiana upana shingo ina mteremko. Zilikuwa sawa. Akafanya hivyo kwa shingo zote nne, na kila mara akaufuta uzi kwa kitambaa chenye oili.

Uzi huo una upungufu wake, nao yafaa uujue. Unasema habari za mahali palipolazwa tu, wala hautambui umbo la yai usipoulaza mara ya pili baada ya kuizungusha krenki robo duara. Na kwa shingo kuu, ukipima huku bloku imesimama kawaida, uzito wa krenki huivuta chini na kukudanganya. Heri bloku igeuzwe juu chini.

Wazee wa zamani, wakiwa hawana hata huo uzi, walikata utepe wa karatasi ya kusokotea sigara, wakaupaka oili na kuuweka ndani ya beringi. Krenki ikizunguka vyepesi mno utepe ukiwamo, walijua mwanya umezidi. Nimeiona njia hiyo ikifanya kazi mikononi mwa mtu aliyejua unene wa karatasi yake. Lakini ninaloliona hata leo, na ambalo lilienea mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipuri vilipokuwa adimu kwa ukosefu wa fedha za kigeni, ni jambo tofauti kabisa: fundi anaweka kipande cha karatasi au cha kopo nyuma ya beringi, au anakipiga tupa kichwa cha kofia ya konrodi, ili mwanya upungue. Enzi zile walikuwa na udhuru. Leo hakuna. Karatasi nyuma ya beringi huzuia joto kupita kwenda kwenye chuma, na tupa hulifanya tundu kuwa yai kwa makusudi. Ukimwona fundi wako akifanya hivyo, mshukuru kwa muda wake, uchukue konrodi zako.

Tulivyobana matumizi ni hivi. Pistoni zilipimwa, zikaonekana zina uhai, hatukununua mpya. Hatukupaka injini rangi. Gasketi za vifuniko vya pembeni mzee alizikata mwenyewe kwa karatasi ya gasketi. Lakini bolti za konrodi zilikuwa mpya, filta mpya, na pampu ya oili ilifunguliwa ikapimwa. Na mchana mzima ulikwenda katika kusafisha njia za oili ndani ya krenki kwa mafuta ya taa na brashi nyembamba, maana unga wa jiwe la kuchongea hubaki humo na hungojea beringi mpya. Mpwa wangu, aliyekuwa likizo, ndiye aliyeshika brashi hiyo, na maji meusi yaliyotoka mara ya kwanza yalitutisha sote.

Siku ya kuiwasha, beringi zilipakwa oili kwa kidole kabla ya kufungwa. Mzee alichomoa waya wa kuzima injini, ili dizeli isifike, akaizungusha kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka taa nyekundu ikazimika yenyewe. Kisha akaurudisha waya. Injini ikashika mara ya kwanza. Hakuna aliyepiga makofi, tulikuwa tunasikiliza.

Kwa kilomita 500 za mwanzo gari halikubeba mzigo mzito, wala shemeji hakuruhusiwa kung'ang'ania gia kubwa mlimani, jambo lililomuudhi sana. Baada ya hapo tulimwaga oili kupitia kitambaa cheupe cha dada. Palikuwa na chembe chache za rangi ya fedha, kama zilivyo katika injini yoyote iliyofungwa upya, wala hapakuwa na rangi ya shaba, ambayo ingeonyesha kwamba uso wa beringi umeanza kuliwa. Dada aliandika tarehe na kilomita katika daftari lake, chini ya zile namba za shingo nne, kisha akamuuliza mzee maikromita kama ile inauzwa kiasi gani.